Kutoka Nargis 2008 hadi Mandalay 2025: majirani wa Asia wanavyosaidiana kwenye maafa, na wanapokwama (uzi mrefu)

Jabali la Pangani (mleta mada)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa misaada ya Marekani kukatwa, wachangiaji wengi mlihitimisha kwa kauli moja: kila kanda ijibebe yenyewe. Sawa, ila kwa upande wa maafa jambo hilo lina watu walioshalijaribu. Wenzetu wa Asia wako nalo miaka karibu ishirini sasa, kuna walipoweza na kuna walipochemka vibaya. Nashusha ninachokijua, mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Naanza na Myanmar.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2008, kimbunga Nargis kiliingia kwenye delta ya mto Ayeyarwady. Ile ni nchi tambarare, mashamba ya mpunga na mifereji tupu, hakuna hata kichuguu cha kukimbilia. Bahari ikapanda ikafunika vijiji. Waliokufa na waliopotea ni karibu watu 138,000. Wakati huo nchi iko chini ya majenerali wa Than Shwe, na kura ya maoni ya katiba yao imepangwa tarehe 10 Mei. Mnajua walifanyaje? Kura ikapigwa siku ileile. Maeneo yaliyoumia zaidi tu ndiyo yaliyosogezewa hadi tarehe 24.

Wafanyakazi wa misaada wamekaa Bangkok wakisubiri viza. Meli za kivita za Marekani na Ufaransa zinazunguka nje ya maji ya Myanmar zikiwa na chakula, maji na helikopta. Bernard Kouchner, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akatoa hoja kwamba msaada uingizwe hata bila ridhaa, kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya wajibu wa kuwalinda raia. Majenerali waliposikia hivyo wakazidi kufunga, maana miaka yote hofu yao ilikuwa ni hiyohiyo, mgeni kuingia na bunduki kwa kisingizio cha magunia ya mchele. Meli ya Ufaransa, Mistral, mwisho ilienda kushusha mzigo Phuket, Thailand.

Hapo ndipo ASEAN ilipoingia, yaani Jumuiya ya Mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Katibu Mkuu wake alikuwa Surin Pitsuwan, Mthai, mtu wa maneno laini lakini king'ang'anizi. Mawaziri wa mambo ya nje wakakutana Singapore tarehe 19 Mei, wakamwambia mwenzao wa Myanmar wazi kwamba wao ndio watakaokuwa daraja. Siku chache baadaye Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, akaonana na Than Shwe, tarehe 25 ukafanyika mkutano wa wahisani Yangon, na tarehe 31 kikaundwa chombo cha pande tatu: serikali ya Myanmar, ASEAN, Umoja wa Mataifa. Mwenyekiti ni naibu waziri Kyaw Thu, na upande wa ASEAN yuko balozi wa Singapore aliyekuwa palepale Yangon, Robert Chua.

Kazi ya chombo hicho ukiisikia ni ya kikarani kabisa. Viza ya nani imekwama? Mhandisi gani amezuiwa kwenye kizuizi cha barabarani? Boti gani haina kibali cha kushuka mtoni? Wanakutana, wanamaliza, wanakuja na orodha nyingine. Kisha Juni wakatuma timu za pamoja kwenda kijiji kwa kijiji kuhesabu hasara. Ripoti ikatoka Julai: uharibifu na hasara ya takriban dola bilioni 4. Kabla ya hapo serikali ilikuwa na takwimu zake, mashirika yana zao, na mhisani hatoi senti kwa takwimu za jenerali. Ripoti yenye mihuri mitatu ikaondoa huo ubishi.

Sasa sikilizeni. ASEAN ilikuwa na mkataba wa maafa, unaitwa AADMER, ulisainiwa Vientiane Julai 2005. Nargis inapiga, mkataba bado haujaanza kutumika. Ulianza Desemba 2009. Kwa hiyo si mkataba uliofungua njia. Kilichofungua ni kwamba Singapore, Thailand na Indonesia ni watu ambao majenerali wangeweza kuwakubali bila kuonekana wamepiga magoti.

Taasisi zilikuja nyuma yake. Novemba 2011 kikaanzishwa kituo cha uratibu Jakarta, AHA Centre. Kikapata akiba ya dharura kwenye ghala la Subang, Malaysia, ambayo ilianza kwa fedha za Japani, baadaye maghala madogo Thailand na Ufilipino. Kina timu ya tathmini, ERAT, watu wa nchi mbalimbali wanaoweza kuondoka mara wakiitwa.

Msimamo wangu ni huu: nguvu ya jumuiya ya kikanda ni kuruhusiwa kuingia. Fedha hawana, helikopta ni za wakubwa. Na udhaifu wake unatokea palepale, kwa sababu anayeruhusu ni serikali. Serikali ikiwa ndiyo inayopiga raia mabomu, hiyo ruhusa inamsaidia nani? Hapo nitarudi, kwanza niwasikie.

Kifaru Mpole

Mkuu nondo nzito, lakini usitupige kamba. Kuanzia tarehe 2 hadi 31 Mei ni wiki nne. Wakati Surin anabembeleza, watu wanakunywa maji yenye mizoga. Kama hayo ndiyo mafanikio ya kikanda, kushindwa kunakuwaje?

Jabali la Pangani

@Kifaru Mpole hoja nzito hiyo, siikatai. Ila niambie mbadala uliokuwepo. Kouchner alitaka nguvu: nani angetua delta bila ridhaa, ashushe mzigo wapi, asambaze kwa boti za nani? Meli za Wamarekani zilikaa pale mpaka mwanzoni mwa Juni zikaondoka na mizigo yao. Ulinganisho wa haki ni kati ya wiki nne na kutoingia kabisa.

Kifaru Mpole

Hapo nimekuelewa. Endelea.

MamaTunu

Wanangu, mimi kazi yangu ni ya maafa ngazi ya wilaya, mambo ya Jakarta nawaachia wenyewe. Lakini mkizungumzia Asia bila Bangladesh mnanichekesha. Mikutano ya mawaziri huja mtu akishazama. Nani alimwambia atoke kabla hajazama?

Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga Bhola kiliua kati ya watu 300,000 na 500,000, wakati huo pale ni Pakistan ya Mashariki. Serikali ya Yahya Khan iliyokuwa ng'ambo kule ilisuasua. Uchaguzi wa Desemba, Awami League, chama cha huko mashariki, kikazoa viti 160 kati ya 162 vya upande ule. Mwaka uliofuata vita, nchi mpya: Bangladesh. Nchi hiyo mpya, maskini wa kutupwa, mwaka 1972 ikaanza na Hilali Nyekundu programu ya kujiandaa na vimbunga, wenyewe wanaiita CPP.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila kijiji cha pwani kina kikosi cha watu wa kujitolea, siku hizi 20, wanaume 10 na wanawake 10. Wamegawana: hawa wa tahadhari, hawa wa kuwapeleka watu kwenye majengo ya kujihifadhi, hawa wa uokoaji, hawa wa huduma ya kwanza. Idara ya hali ya hewa ikitoa ishara, ujumbe unashuka kwa redio hadi kwa kiongozi wa kikosi, naye anapandisha bendera: moja, mbili, hatari ikiwa kubwa kabisa tatu. Kisha wanatoka na vipaza sauti na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, mlango hadi mlango. Yule anayegonga mlango ni jirani yako. Anajua bibi mlemavu analala chumba gani. Jumla yao wanazidi 76,000.

Majengo yenyewe ni ya zege, yamesimama juu ya nguzo ili maji yapite chini. Siku za kawaida ni shule, kwa hiyo yanafagiliwa, yana choo, na ufunguo haujapotelea kwa diwani. Kuna na vilima vya udongo vilivyojazwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe msiwadharau: mtu maskini hamwachi ng'ombe wake akakimbia, atabaki naye.

Mei 2020, kimbunga Amphan, na korona juu yake, walihamisha zaidi ya watu milioni 2. Waliokufa Bangladesh ni makumi, si maelfu.

Mtaalamu wa Mchongo

Mama hapo kuna kitu umekiruka. CPP imeanza 1972, sawa. Mbona kimbunga cha Aprili 1991 kiliua watu kama 138,000? Programu ilikuwa likizo?

MamaTunu

Wala sijakiruka mwanangu, nilikuwa nakuja. Onyo la 1991 lilitoka na lilifika. Tatizo majengo ya kujihifadhi yalikuwa machache, na wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Mwanamke alikuwa akimsubiri mume arudi ndio apewe ruhusa ya kutoka. Mwingine anaona aibu kulala sakafuni kati ya wanaume asiowajua. Mwingine sari imemnasa, watoto mkononi. Baada ya hapo wakajenga majengo kwa maelfu, wakatenga vyumba vya wanawake, wakaongeza wanawake kwenye vikosi mpaka leo ni nusu kwa nusu. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali sana, waliokufa ni karibu 3,400. Bado ni wengi, lakini linganisha wewe mwenyewe.

Na kambi za Warohingya kule Cox's Bazar, waliokimbia Myanmar zaidi ya 700,000 kuanzia Agosti 2017, nako wamefundisha wakimbizi wenyewe kwa mtindo huohuo wa bendera. Hapo hakuna mkutano wa kilele uliohusika.

Dereva wa Lori

Huu uzi nauhifadhi. Mama apewe maua yake.

Shamte wa Bweleo

Assalaam aleikum jamani. Mie nataka niwakumbushe kuwa jambo hili la Asia limetugusa hadi sie wa pwani hii, watu washasahau.

Tetemeko la Sumatra la 26 Disemba 2004 lilitokea kwa saa za kwetu alfajiri, bado kidogo saa kumi. Ukubwa 9.1. Wengi walikufa Aceh, Indonesia, kisha Sri Lanka, India, Thailand. Lakini yale mawimbi ya tsunami hayakusita, yalivuka bahari nzima. Yalifika Somalia baada ya saa saba hivi, yakaua karibu watu 300, wengi wao Hafun kule Puntland. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, waliokuwa wakiogelea. Kenya alikufa mmoja.

Sasa tizameni tofauti. Kenya habari zilishaonekana kwenye televisheni, askari wakateremka fukweni Mombasa kuwatoa watu majini. Hafun nani awapigie simu? Saa saba ni muda mrefu mno, mtu anaweza kutembea kwa miguu akafika mlimani akala na chakula. Habari ilikuwepo duniani, njia ya kuifikisha ndiyo haikuwepo.

Baada ya pale ukaundwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO. Tangu 2011 Indonesia, India na Australia ndio wanaotoa taarifa kwa bahari nzima, na kwetu zinapokelewa na TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, Kenya na idara yao ya hali ya hewa. Hufanywa na mazoezi ya pamoja. Kwa hiyo ushirikiano wa kikanda sio lazima uwe wa wenye bendera moja ya jumuiya. Huu ni wa bahari, na sie tumo.

Suala langu kwa MamaTunu: taarifa ikishafika TMA, nani atapandisha bendera Bweleo?

MamaTunu

@Shamte wa Bweleo ndilo swali lenyewe hilo kaka. Kule wanalijibu kwa jina: fulani bin fulani, kikosi cha kijiji fulani, redio iko nyumbani kwake.

Kiprono wa Mtwapa

Wacha nami nitie yangu, upande wa Nepal, kwa sababu watu wakisema "jumuiya ya kikanda" wanadhani zote ni ASEAN.

Asia ya Kusini wana SAARC, nchi nane, na makao makuu yako Kathmandu kwenyewe. Mwaka 2011 kule Maldives walisaini mkataba wa kusaidiana haraka kwa maafa. Novemba 2014 wakafanya mkutano wa kilele, wapi? Kathmandu. Miezi mitano baadaye, 25 Aprili 2015, tetemeko la 7.8 likapiga hiyohiyo Nepal. Karibu watu 9,000 wakafariki, na ilikuwa Jumamosi shule zimefungwa, la sivyo tungekuwa tunasoma hesabu nyingine kabisa.

Mkataba ulifanya nini? Haukufanya kitu, ulikuwa bado haujaanza kutumika. Ulianza 2016. India ilituma ndege siku hiyohiyo, China kesho yake, Pakistan nao wakaja, lakini kila mtu kivyake. Uwanja wa ndege wa Tribhuvan, pale Kathmandu, una njia moja tu ya kurukia. Ndege zikapanga foleni angani, zingine zikarudi. Njia ikaanza kuharibika, ndege nzito zikapigwa marufuku. Hapo ndipo ungetaka mtu mmoja mwenye orodha, aseme leo mahema ndiyo yatue, kikosi cha tano cha mbwa wa kunusa kisubiri.

Kisha mbaya zaidi. Septemba mwaka huohuo mpaka wa India ukafungika miezi kadhaa. Nepal ikasema India imetuwekea vikwazo, India ikasema ni waandamanaji wa kule kwenu, Wamadhesi wa nyanda za mpakani, wanaopinga katiba. Vyovyote vile, petroli, gesi ya kupikia na dawa vikakatika, baridi inaingia, na watu wa tetemeko wako chini ya mabati. Jirani yuleyule wa Aprili.

Na SAARC haijafanya mkutano wa kilele tena tangu ule wa 2014. India na Pakistan wakinuniana, wote wanalala njaa. Ndio maana nasema, kabla ya kuuliza taasisi iko vipi, uliza wakubwa wawili wa hiyo kanda wanaongea ama hawaongei.

Mtaalamu wa Mchongo

Kiprono umeua. Na kujenga upya je? Nilisikia walichelewa sana.

Kiprono wa Mtwapa

Mamlaka ya ujenzi upya ilikaa sawa Desemba 2015 tu, kwa sababu vyama vilivutana nani akalie kiti. Lakini mfumo wenyewe sikuuona mbaya. Kila familia iliyopoteza nyumba ilipewa rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 uanze, 150,000 msingi ukishakaguliwa na mhandisi, 100,000 ukifika juu. Unajenga mwenyewe na fundi wako. Hela haitoki mpaka mhandisi aone mkanda wa zege na nguzo viko mahali pake. Shida ni kwamba pesa haikutosha nyumba, watu wakakopa kwa riba za kuumiza, wengine wakajenga chumba kimoja kidogo ili tu wapite ukaguzi, na wanaendelea kulala kwa ile nyumba ya zamani yenye nyufa.

Mjukuu wa Nahodha

Nimesoma Indonesia, naomba nichangie upande huo.

Mnapoitaja Aceh huwa mnataja idadi ya waliokufa, karibu 170,000 pamoja na waliopotea. Mimi nawaomba mtazame kilichofuata. Aprili 2005 Rais Yudhoyono aliunda wakala wa ujenzi, BRR, akamweka Kuntoro Mangkusubroto, aliyewahi kuwa waziri wa madini. Mambo mawili alifanya yakabadilisha kila kitu: ofisi aliiweka Banda Aceh badala ya Jakarta, na wakala ulipewa miaka minne ufe. Ukafa kweli, Aprili 2009. Nyumba zilizojengwa na wote kwa pamoja zikazidi 140,000. Vituko vilikuwepo, nyumba za mbao mbovu zilizobidi kubomolewa, mashirika yanagombea kijiji kimoja kwa sababu kiko karibu na barabara. Lakini kulikuwa na mtu mmoja wa kumshitakia.

Na vita. Aceh kulikuwa na GAM, waasi waliotaka jimbo lijitenge, karibu miaka 30 ya mapigano. Tarehe 15 Agosti 2005 wakasaini amani Helsinki chini ya Martti Ahtisaari. Waliokuja kusimamia ile amani walikuwa waangalizi wa Umoja wa Ulaya wakiwa pamoja na watu kutoka nchi tano za ASEAN. Hapo kanda ilifanya kazi ambayo Mzungu peke yake asingekubaliwa.

Linganisheni na Sri Lanka, mawimbi yaleyale. Serikali na waasi wa Tamil Tigers walisaini Juni 2005 mpango wa kugawana misaada, mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikasimamisha vipengele muhimu, baadaye vita ikarudi. Halafu ile amri ya kutojenga ndani ya mita 100 kutoka ufukweni, kwingine 200. Mvuvi anaambiwa aishi mbali na boti yake, hoteli zinaruhusiwa kubaki. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi wakalegeza.

Sasa Palu, Indonesia hiyohiyo, 28 Septemba 2018. Tetemeko la 7.5, mawimbi, na ardhi ikageuka uji: mitaa ya Petobo na Balaroa ilitembea na nyumba zake. Waliokufa na kupotea ni zaidi ya 4,000. Safari hii Indonesia ikatoa masharti: tunahitaji ndege za mizigo, mahema, mitambo ya kusafisha maji, majenereta. Mashirika ya nje hayaendi eneo la maafa yenyewe, yapitie mashirika ya ndani, na waliokwisha kuingiza watu wao wawatoe. Misaada ya nje ikapokelewa Balikpapan, AHA Centre ikiwa hapo kuratibu. Wazungu wakalalamika sana. Wenyeji niliokuwa nikiongea nao walikuwa wakicheka, wanasema Aceh tulijaziwa watu waliokuja kupiga picha.

Kifaru Mpole

Hiyo ya Palu naipenda na inanitia wasiwasi kwa wakati mmoja. "Pitieni mashirika ya ndani" ikisemwa na Indonesia ya kidemokrasia ni jambo moja. Jenerali wa Myanmar akisema sentensi hiyohiyo ni jambo jingine. @Jabali la Pangani uliahidi kurudi hapo.

Jabali la Pangani

Nimerudi.

Tarehe 1 Februari 2021 jeshi la Min Aung Hlaing likapindua serikali. Aprili 24 viongozi wa ASEAN wakakutana naye Jakarta, wakatoka na makubaliano ya vipengele vitano. Cha kwanza kusitisha ukatili. Cha nne, msaada wa kibinadamu upitie AHA Centre. Cha kwanza hakikutekelezwa, cha nne kikabaki kinaning'inia.

Kwa nini? Kwa sababu AADMER inasema msaada uingie kwa ombi au kwa ridhaa ya nchi iliyopatwa. Na "nchi" kwenye karatasi ni aliyekalia mji mkuu, Naypyidaw. Mei 2023 kimbunga Mocha kilipiga Rakhine, na Juni jeshi likasimamisha vibali vya safari vya wafanyakazi wa misaada katika jimbo hilo. Machi 2024 Thailand ikafungua njia ya msaada kutoka Mae Sot, mji wake wa mpakani, lengo la awali watu 20,000 hivi, mzigo ukakabidhiwa Msalaba Mwekundu wa Myanmar, AHA Centre wakiwa waangalizi. Makundi ya mpakani yakauliza: kwa nini upite kwa chombo kilicho karibu na utawala wakati sisi tumekuwa tukivusha mchele miaka yote?

Kisha Machi 28, 2025. Tetemeko la 7.7 karibu na Mandalay na Sagaing, waliokufa ni zaidi ya 3,500. Min Aung Hlaing, tofauti na Than Shwe wa 2008, akaomba msaada wa dunia mapema kabisa. China, India, Urusi, Thailand, Malaysia wakaingia na waokoaji. Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa katikati ya kuivunja USAID, shirika lake la misaada, ilionekana kwa nadra. Kwa hiyo mnaosema kanda ijibebe, mtihani ulifika. Na ukaguzi wake ni huu: Mandalay na Naypyidaw, mikononi mwa jeshi, walipata waokoaji. Vijiji vya Sagaing vilivyo mikononi mwa upinzani viliendelea kupigwa mabomu ya ndege hata baada ya jeshi kutangaza kusitisha mapigano Aprili 2. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa imeyasema hayo.

Shamte wa Bweleo

Lahaula. Juu ya kifusi?

Jabali la Pangani

Juu ya kifusi, mzee wangu.

Mjukuu wa Nahodha

Ila tuwe wakweli, AHA Centre si jeshi la kulinda amani. Ina wafanyakazi wachache pale Jakarta, michango ya wanachama ni sawa kwa wote kwa hiyo inapangwa kwa uwezo wa mdogo, kingine ni Japani, Umoja wa Ulaya, Australia. Mnaitaka imlazimishe jenerali?

Kifaru Mpole

Hapana. Tunataka isijifanye haioni. Mkataba ungeweza kurekebishwa uruhusu kupita mpakani kwa idhini ya jirani na anayeshikilia eneo husika, lakini haitatokea, kwa sababu wanachama wengi wana kona zao nchini wasizotaka zitazamwe. Thailand ina kusini kwake kwenye uasi, Ufilipino na Indonesia vivyo hivyo. Kila mmoja akisoma kifungu hicho cha ridhaa anaona kinga yake.

Dereva wa Lori

Na sisi huku EAC tujifunze nini?

Kiprono wa Mtwapa

Bro, fungua uzi wake, huu ukiingia Congo na M23 hautoki leo.

MamaTunu

Niongeze kitu kimoja, kwa sababu mnazungumza kana kwamba msaada ni magari meupe peke yake. Vijiji vya Sagaing vililishwa na vikundi vyao wenyewe, na fedha nyingi ziliingia kwa kile wenyewe wanachoita hundi (si hundi ya benki), yaani hawala kama tunayoijua pwani: mtu anatoa fedha Bangkok au Singapore, wakala wa upande wa pili anampa mchukuaji taslimu. Kwa fedha hizo wananunua mchele, turubai na dawa sokoni karibu, wanabeba kwa pikipiki usiku.

Wahisani wakubwa wanaifahamu njia hii. Wengi wanaiogopa kwa sababu haina risiti ya benki, mkaguzi wa hesabu ataikataa, na sheria za kuzuia ufadhili wa ugaidi zinawatisha mawakala. Baadhi wameikubali kimyakimya: wanaomba picha ya bidhaa, saini za wazee wa kijiji, na bei ya soko ya siku hiyo ili walinganishe. @Jabali la Pangani ulisema ile ripoti ya 2008 ilikuwa na mihuri mitatu. Huku mihuri ni wazee watatu na bei ya mchele, na mzigo umefika.

Jabali la Pangani

Mama, hilo la kukagua kwa bei ya soko sikuliweka kwenye mada na ndilo lenye nyama. Fungua uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia. @Kifaru Mpole wewe njoo na lile la kurekebisha kifungu cha ridhaa, tulijadili kipengele kwa kipengele.